Mbia wa Ng'ombe, Si Mbia wa Lori

Nyie makarani mnaokalia sasa viti tulivyovikalia sisi, siku ile ya kuniaga, ya soda na keki, mlinishika mkono mkaniambia niandike. Mkasema, "Mzee, ukiondoka na hayo yaliyo kichwani tutayapata wapi?" Nikacheka. Sasa ni mwezi wa nane niko nyumbani Rau, na tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayeniuliza kitu, wala tarehe, wala jalada liko wapi. Basi naandika. Majina ya watu nimeyageuza yote. Makosa sikuyageuza.

Nianze na shule, maana mtu akinisifu anaanza hapo, na akinisema anaanza hapo hapo. Nilisoma mpaka darasa la nne. Baba alisema ng'ombe hawajui Jumatatu, nikabaki kukata majani. Nilishuka Moshi mjini na shati la kuazima, nikapata kazi ya kufagia ofisi ya wakili mmoja mtu mzima, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilifagia mpaka karatasi zilizokuwa chini ya meza, nikazitupa. Kumbe zilikuwa za shauri la kiwanja. Karani mkuu, Mzee Barnaba, hakunipigia kelele. Alinipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya jengo, akavua koti akanipa nishike, akaingia mwenyewe. Alipotoka, karatasi zinanuka maganda ya ndizi, akasema, "Karatasi ya mahakama haina uchafu. Unaifuta, unaisoma." Nilitamani anipige tu.

Enzi zile tulikuwa na mashine ya chapa na karatasi za kaboni. Kaboni ikichoka inatupwa, na mtupaji nilikuwa mimi. Nikagundua kwamba ukiinua kaboni iliyotumika kwenye mwanga wa dirisha, barua yote unaiona, herufi zinang'aa kwenye weusi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza cha mahakama: kwenye takataka, nimesimama dirishani, ufagio kwapani. Neno lililonishinda nilimpelekea Mzee Barnaba. Alinipa neno moja tu kwa siku. Nikiomba la pili anasema, "La pili litaliua la kwanza." Miaka mitatu ya neno moja kwa siku si haba. Kuna mtu ana shahada na hana maneno hayo.

Zana zetu zilikuwa chache. Sindano ndefu na uzi wa kushonea majalada. Muhuri wa kupokelea barua, ambao usipousafisha kwa mswaki tarehe inatoka kama imelia. Na daftari la tarehe. Daftari hili ndilo moyo wa karani. Kila karatasi inayoingia na siku zake, unaandika leo imeingia, na unaandika mbele kule siku ya mwisho ni ipi. Nyie mna kompyuta inayowakumbusha kwa mlio. Sawa. Lakini kompyuta huionei aibu. Daftari langu lilikuwa linaniona.

Lakini kitu kikubwa alichonipa Mzee Barnaba ni milango. Alinitembeza mji mzima kwa miguu, wiki nzima, akinionyesha: hapa mahakama ya mwanzo, hapa ya wilaya, hapa ardhi, hapa Mahakama Kuu. Kila mlango anasimama, ananiuliza kinachoingia humo na kisichoingia. "Mteja akikaa atakuambia nani kamdhulumu," alisema. "Msikilize, mpe na chai. Lakini wewe kichwani uliza mlango ni upi. Ukiingia na haki yako kwenye mlango usio wake utasikilizwa vizuri sana, kisha utaambiwa pole." Wasomi wanaita jambo hilo mamlaka ya mahakama. Mimi naliita mguu uliovunjika kupelekwa kwa daktari wa meno. Anaweza kukuhurumia, lakini hana pa kushika.

Na kodi, alinifundisha, ina mlango wake peke yake. Hakimu wa kawaida haigusi. Unaanza kwa watu wa kodi wenyewe, unawaandikia pingamizi. Wakikujibu na hukuridhika, una siku thelathini kutoa taarifa ya rufani kwenye bodi ya rufani za kodi. Na usidanganywe na sura ya swali. Swali linaweza kuwa halina hata harufu ya kodi. Linaweza kuwa ni hili tu: fulani na fulani ni wabia, au ni majirani? Kama limezaliwa ndani ya madai ya kodi, mama yake ni kodi, na mlango wake ni ule ule. Hilo nililijua kabla wengi wenu hamjazaliwa. Likumbukeni, maana ndilo lililonivua nguo.

Mzee Barnaba alikufa, tukamzika kwao Mkuu, Rombo. Wakili mzee naye akafuata. Ofisi akaichukua Wakili Urio, kijana wa chuo kikuu, mpole, viatu vinang'aa. Siku yake ya kwanza aliniambia, "Shikamoo mzee. Mimi sheria naijua, ila mji siujui." Nikampenda kwa neno hilo. Nikamtembeza milango kama nilivyotembezwa. Miaka hiyo mke wangu alikuwa ameshafariki, mwanangu Elia yuko Dar, dada yake Mwanza. Nyumbani palikuwa pa kulala tu. Ofisi ndiyo ilikuwa nyumba. Nilikuwa nafika wa kwanza, naondoka na funguo. Mtu akiuliza kitu, Urio anasema, "Muulizeni mzee." Nilizoea neno hilo kuliko chakula.

Sasa kesi yenyewe.

Mama Aikande alikuja ofisini asubuhi ya mvua, ametokea Masama, amejifunika kanga kichwani, bahasha mbili ameziweka kifuani zisilowe. Alikuwa mjane wa makamo, mzee wa kanisa kwenye usharika wake, mtu wa maneno machache lakini yakitoka yametoka. Bahasha ya kwanza ilitoka mahakama ya wilaya. Ya pili ilitoka kwa watu wa kodi.

Alieleza hivi. Jirani yake, Mzee Elirehema, alikuwa na hela kidogo na hana nafasi ya banda. Yeye alikuwa na nafasi na hana hela. Kwetu Uchaggani ni jambo la kale kumwekea mtu ng'ombe: ng'ombe wako, mtunzaji mwingine, yeye anapata maziwa na mbolea, wewe unapata ndama. Walianza hivyo, na ng'ombe mmoja. Baada ya miaka walikuwa na ng'ombe tisa, na hoteli mbili za mjini zinachukua maziwa. Hoteli zikataka akaunti moja ya benki, wakafungua ya majina mawili. Mzee Elirehema alikuwa pia na lori lake la kubeba mahindi. Kwa kuwa hakupenda kupanga foleni mara mbili, hela za lori nazo akawa anazitupia humo humo.

Kisha akafa. Mwanawe, Godlisten, akafungua shauri mahakama ya wilaya: ng'ombe wote tisa ni wa baba, huyu mama alikuwa mtunzaji tu, awarudishe. Wakati huo huo watu wa kodi, waliokuwa na karatasi za benki tu mbele yao, wakaona akaunti moja na majina mawili. Wakasema huu ni ubia, wa maziwa na wa lori pamoja, na mbia aliye hai ajibu yote. Hawakuwa wajinga. Mimi ningeona zile karatasi peke yake ningesema hivyo hivyo.

Mama Aikande alimtazama Urio, akanitazama mimi. "Naomba mnieleweshe," akasema. "Yule kijana anasema mimi si mbia wa chochote. Wale wanasema mimi ni mbia wa kila kitu. Mtu anakuwaje kote kuwili?"

"Na wewe unasemaje, mama?" Urio akamuuliza.

"Mimi ni mbia wa ng'ombe. Kodi ya maziwa iandikeni, fungu langu nitalipa, Kaisari apewe chake. Lakini lori silijui. Hata kulipanda sijawahi, lilikuwa halina ngazi."

Tulicheka, na yeye akacheka kidogo. Lakini haikuwa ya kucheka. Akibebeshwa lori, kihamba alichoachiwa na mumewe, ile migomba na kahawa na makaburi ya wakwe zake, kingeweza kushikwa. Na akikana ubia wote ili alikwepe lori, ng'ombe wanaondoka na Godlisten, na miaka yake kumi na minane ya kubeba majani kutoka tambarare inakuwa ya kibarua. Njia yake ilikuwa moja na nyembamba: mbia wa ng'ombe, si mbia wa lori.

Urio akaandika pingamizi kwa watu wa kodi, vizuri kabisa. Tukajibu na lile shauri la wilayani. Na hapo ndipo mimi, mwanafunzi wa Mzee Barnaba, nikafungua mdomo. Nikamwambia Urio, "Hakimu tunaye, mashahidi tunao, wote ni wa Masama, nauli yao ni moja. Kwa nini tusimwombe hakimu huyu huyu atamke na la lori? Tukishapata tamko lake tunawapelekea watu wa kodi, habari imekwisha."

Urio akasita. "Si umenifundisha mwenyewe kodi ina mlango wake?"

"Hii si kodi. Hii ni kuuliza nani mbia wa nani."

Nilijua ninachosema si sawa. Naandika hili polepole ili mlisome polepole. Nilijua. Ila mahakama ya wilaya ilikuwa uwanja wangu, kila mtu pale masjala ananiita Mzee, nikipita wananipisha. Kule kwenye bodi ya kodi nilikuwa sijulikani. Mtu akishapendwa mahali fulani anataka kila jambo lifanyikie hapo.

Wiki kadhaa baadaye ikaja barua ya watu wa kodi. Wamekataa pingamizi, wanasimama na msimamo wao. Nikaipiga muhuri, nikaandika tarehe ya kupokelewa kwa mkono wangu. Kisha badala ya kuifungulia jalada lake na kuiingiza kwenye daftari, nikaishona ndani ya jalada la shauri la wilaya, kwa kuwa mteja ni yule yule na jambo nililokwisha kuliamua ni lile lile. Urio akanikuta mlangoni siku moja, akauliza, "Mzee, ile barua ya kodi vipi?"

"Niachie mimi," nikasema.

Akaniachia.

Hakimu alisoma uamuzi wake asubuhi, mahakama imejaa watu wa Masama. Kuhusu ng'ombe alisema vizuri, suala hilo ataendelea kulisikiliza, ni mali ya mirathi na ubia wa watu wawili. Kisha akageuza ukurasa. "Ombi la kutamka kama mdaiwa ni mbia katika biashara ya lori limetokana na madai ya kodi. Mahakama hii haina mamlaka nalo. Liende panapohusika."

Alisema kwa upole, kama Mzee Barnaba alivyosema watasema. Palepale benchini nikafungua jalada nikatafuta ile barua. Tarehe yangu, mwandiko wangu. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto. Ilikuwa siku ya arobaini na moja.

Mama Aikande aliniona uso. "Baba Elia, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Joto."

Tukarudi ofisini. Urio alisoma ile barua, akaiangalia tarehe. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa rahisi. Akakaa, akaanza kuandika maombi ya kuongezewa muda. Maombi kama hayo yanataka kiapo cha mtu anayejua sababu ya kuchelewa, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mama Aikande alikuwa nje kwenye benchi la wateja, tunamsikia anakohoa.

Urio akanisukumia karatasi. Nikavaa miwani. Aya ya tatu ilisema kwamba mimi ni mtu wa elimu ya darasa la nne, kwamba barua ile ilikuwa kwa Kiingereza cha kisheria, na kwamba kwa elimu yangu ndogo sikuweza kuielewa wala kutofautisha shauri la kodi na shauri la wilayani.

"Hii si kweli," nikasema.

"Darasa la nne si kweli?"

"Usicheze na mimi, Urio. Unajua ninazungumzia nini. Andika nilizembea. Andika nilikuwa na kiburi. Hivyo viwili nitaapa hata kanisani."

"Mzee, uzembe wa ofisi ya wakili bodi hawaukubali, watasema tumshitaki karani wetu wenyewe. Kiburi ndiyo kabisa. Lakini mama mjane aliyekuja kwa wakati, akaangushwa na karani asiyejua... hapo labda watamwonea huruma."

"Nilikufundisha milango mimi."

"Ulinifundisha." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru. Ukikataa nitaandika uzembe, twende, tukashindwe."

Nikasikia kikohozi kingine huko nje. Nikaomba kalamu. Nilisaini kwa mwandiko wangu mzuri, kisha nikajuta kwamba mwandiko ulikuwa mzuri.

Simshauri karani yeyote afanye nilichofanya. Kiapo ni kiapo. Nilipostaafu nilikiri kwa mchungaji wangu, yaliyobaki ni yangu na Mungu. Nawaambia tu ilivyokuwa.

Bodi ilipokuja Moshi kwa kikao chake, walikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, hana haraka. Nyuma kulikuwa na makarani wa ofisi nyingine wanaosubiri mashauri yao, nusu yao nimewafundisha mimi kushona jalada. Wakili wa upande wa kodi alikuwa kijana mkali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali. Alisoma kiapo changu, akainua kichwa.

"Mheshimiwa, mzee huyu amekuwa karani kwa miongo. Leo anatuambia hajui kusoma barua. Naomba asome aya ya mwisho, bodi isikie yenyewe."

Urio akasimama kupinga. Mwenyekiti akamwashiria akae. "Mzee, unaweza kujaribu?"

Nikapewa barua. Aya ile niliijua kwa moyo, nilikuwa nimelala nayo wiki nyingi. Nilimwona Mama Aikande kwenye kiti cha mbele, mikono imeshikana mapajani, midomo inacheza, anasali.

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nikalisoma. La pili nikalikata vipande vitatu. La tatu nikalitamka kwa Kichagga. Nyuma mtu akaguna, mwingine akaziba kicheko, na kicheko kile nilikijua ni cha nani. Nikaendelea. Jasho lilinitoka kweli, halikuwa la kuigiza. Kumbe kusoma vibaya neno unalolijua ni kazi nzito. Ulimi unakataa. Nilifika katikati, mwenyekiti akasema taratibu, "Inatosha, mzee. Pole. Kaa."

Tulipewa muda.

Rufani yenyewe ilisikilizwa kikao kilichofuata, na hapo Mama Aikande hakuhitaji mtu. Wakamuuliza kama kuna hati ya ubia. Hakuna. Wakamuuliza basi bodi itajuaje yeye ni mbia wa ng'ombe na si mtunzaji, na itajuaje si mbia wa lori.

"Mheshimiwa," akasema, "kwetu mtunzaji, ng'ombe akifa mikononi mwake, anamwonyesha mwenyewe ngozi. Akishaonyesha ngozi hadaiwi, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Kwetu walikufa watatu. Sikuonyesha ngozi hata moja. Nilitoa nusu, yeye nusu, tukanunua wengine. Aliyeuza yuko hapo nje, mwiteni."

"Na lori?"

"Lori lilipinduka, shehena ikamwagika yote. Mimi nilipeleka pole na mkungu wa ndizi. Ya matairi sikutoa hata senti, na marehemu hakuniomba. Mbia hapeleki pole, mheshimiwa. Mbia anapelekewa."

Hata yule kijana mkali aliandika maneno yale, nilimwona. Bodi ikasema kwa mambo ya kodi yeye ni mbia katika maziwa tu. Huko wilayani baadaye hakimu naye, kwa ushahidi ule ule wa ngozi, akagawa ng'ombe nusu kwa nusu, na mmoja wa tisa wakauza wakagawana. Godlisten alilalamika mpaka nje, kisha akaja kumwomba Mama Aikande amtunzie ng'ombe wake wanne, hana banda. Akakubali. "Lakini safari hii tunaandika," akamwambia.

Mimi nilirudi kwenye dawati langu. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Wiki ile ile, nikipita korido ya mahakama na majalada, karani mmoja akanionyesha kibao ukutani: "Mzee, huo mlango ni wa choo, usije ukafungua shauri." Walicheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini? Siwezi kusimama koridoni nikasoma Kiingereza kwa sauti. Pale masjala wakaanza kuniandikia tarehe kwa tarakimu kubwa. Urio aliajiri binti mwenye stashahada, mwenye adabu, akampa daftari la tarehe. Sikumlaumu. Ofisi iliyoapa kwamba karani wake haelewi barua haiwezi kuendelea kumpa barua. Lakini hatukuwahi kulizungumza tena, yeye na mimi, miaka yote iliyobaki. Tulikuwa watu wawili tu duniani tunaojua, na kila mmoja alimkwepa mwenzake kwa sababu hiyo. Neno "muulizeni mzee" sikulisikia tena. Nilishona majalada. Niliyashona vizuri.

Sasa mtaniuliza kwa nini sijamwambia hata yeye, Mama Aikande. Mngemjua msingeuliza. Yule ni mzee wa kanisa. Akijua muda ule ulipatikana kwa kiapo cha namna ile, kesho yake atapanda gari kwenda kuirudisha ile hukumu na kuwaambia waishike. Ndivyo alivyo. Basi nikabaki na yangu.

Mwezi uliopita nilipanda Masama kumsalimia. Nyumbani kuta zilikuwa zimeanza kunijibu, nikaona heri. Nilimkuta bandani, akanawa mikono, akaniletea maziwa kwenye kikombe kikubwa. Tukakaa barazani. Akatoa karatasi mfukoni mwa gauni, iliyotoka kwa watu wanaonunua maziwa yake siku hizi. Nikanyoosha mkono kuipokea, mazoea tu. Akairudisha upande wake taratibu, bila kuniaibisha.

"Ngoja nikusomee, Baba Elia. Usijichoshe."

Akaanza, kidole chini ya maneno, polepole, akinitazama kila mwisho wa sentensi kuona kama nimeelewa. Nikawa naitikia. Karatasi ilikuwa juu chini kwangu, lakini nimesoma karatasi juu chini kwenye meza za mahakimu maisha yangu yote. Waliandika saa mpya za kupokea maziwa, wakaandika jinsi ya kuosha madumu, na katikati waliandika kwamba kuanzia mwezi ujao siku ya Jumapili hawapokei. Mstari ule aliuruka.

Nikanywa maziwa kidogo. "Na Jumapili, mae," nikamwita mama kwa lugha ya kwetu, "wanapokea kama kawaida?"

Akarudi kwenye karatasi, kidole kikatafuta. "He! Hawapokei. Ningewapelekea bure, yakaganda njiani." Akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyeona mtoto amesimama dede. "Umejuaje kuuliza?"

"Nimebahatisha tu."

Akaikunja karatasi, akanipigapiga mkononi.

"Unaona? Mungu hamnyimi mtu vyote, Baba Elia."

"Aika, mae," nikamshukuru. Nikamaliza maziwa, nikashuka.